Uwele wa Mbegu

Wanaonisimulia hawakosi sababu.
Wa Mvumi husema ulikuwa wivu:
alikuwa na mwanamke Kilimatinde, mwenye shanga za buluu.
Alikuwa naye. Nilijua. Nilimtania kwa shanga hizo
hadi akaona haya, nikacheka.
Mtu hauawi kwa shanga.

Wa Bahi husema moyo wangu ni jiwe la kusagia.
Mwaka ule jiwe la kusagia
watoto walikuwa wakililamba.

Basi mkitaka kusimulia, msimulie sawasawa.

Askari wa kwanza walichukua ng'ombe.
Askari wa pili, waliowafukuza wa kwanza,
walichukua punda, na wanaume wa kubeba mizigo.
Mvua ikaona hakuna cha kunyeshea, ikapita kando.
Tukabaki na kilindo kimoja cha uwele wa mbegu,
na mimi mlangoni pake,
kwa kuwa kaka yangu mtemi alikufa
na mwanawe bado ananyonya.

Nikasema mbele ya wote, ngoma ikiwa mapajani mwangu:
atakayefungua kilindo kabla ya mvua
atageuziwa mgongo na visima vyote.
Hatutamgusa. Hatutampa maji.
Tutamwonyesha njia ya mbugani, saa sita mchana,
na hakuna atakayemtazama akienda.

Wa kwanza alikuwa Ndahani, mwana wa Matika.
Miaka kumi na mitatu. Vibaba viwili.
Alishikwa na punje kwenye meno.
Matika alinikumbatia miguu, nikaichomoa.
"Dada, nikimwachia huyu tutapanda mchanga."
Nilisema vizuri. Wazee walitikisa vichwa.
Siku ile ndiyo niliyomhukumu Chidawali,
ingawa usiku wake alinipigia zeze
nikalala.

Kisha ukaja uji.
Usiku, ndani ya kibuyu, vuguvugu.
"Wa Misheni," akasema. "Nimebadilishana na ngozi."
Nilikuwa na mimba ya miezi mitano.
Sikuuliza ngozi gani,
ilhali ngozi zote tulikwisha kuzichemsha tukazila.

Hapa ndipo mnaporuka, wasimuliaji. Msiruke.
Nilikunywa siku tisa. Nililamba kibuyu.
Uwele uliohifadhiwa kwa majivu
una uchungu mdogo mwishoni, nyuma ya ulimi.
Ulimi ulijua.
Nikauambia ulimi nyamaza.

Siku ya kumi Matika akaja kuomba moto.
Akaona kibuyu, akakinusa,
akakiweka chini polepole
kama mtu anayelaza mtoto.
Angepiga kelele ningemwokoa Chidawali.
Ningetafuta uongo, nao ninao mwingi.
Lakini hakusema neno,
nami sikupata pa kushika.

Nilimpenda. Hilo msilifute ili hadithi inyooke.
Alikuwa na kovu chini ya kidevu
na kila alipodanganya alilikuna.
Lakini kama mapenzi yangefungua kisima,
ya Matika yangekifungua kwanza.

Alipoulizwa alijibu: ni mimi, peke yangu.
Akanitazama niitikie.
Nikasema: nami nilikula, nihukumuni.
Wazee wakatazama tumbo, wakasema tumbo halina kosa.
Nikasema litazaa, kisha mje.
Yeye akakuna kovu lake, akasema hajutii chochote.

Saa sita nilivunja sheria yangu mwenyewe:
nilimtazama.
Hakugeuka. Alitembea kama anayewahi mnada.

Wazee hawakuja. Njaa iliwachukua, mmoja mmoja.
Aliyekuja ni Matika, usiku wa uchungu,
na maji nusu kata.
Akamkata mtoto kitovu, akamwosha, akaondoka.
Hakusema amenisamehe.
Hajasema mpaka leo.

Mvua iliponyesha tulipanda.
Mbegu ikatupungukia mistari mitatu.
Kila mwaka nalima shamba lote
na mitatu ile, upande wa mbuga, naiacha tupu.
Majirani wanadhani ni mila.
Wengine wameanza kuiga.